Namna ya kutathmini mafunzo elekezi ya wanafunzi wanaokwenda kusoma nje: mwongozo kamili

Saa kumi jioni, siku ya mwisho. Vyeti vimepangwa mezani, mgeni rasmi anasubiri kupiga picha, na mtu anapita katikati ya viti akigawa karatasi: "Jazeni haraka tumalize." Wanafunzi wanajaza haraka kweli. Wengi wanashusha mstari mmoja wima kwenye safu ya "nzuri sana", kutoka swali la kwanza hadi la kumi na mbili, kalamu haijainuka. Wastani unatoka 4.7 kati ya 5, unaingia kwenye ripoti, na mafunzo yanahesabika yamefana.

Ripoti ya namna hiyo nimewahi kuiandika mwenyewe, na niliifurahia. Wiki ya saba tangu wanafunzi wale waondoke, mmoja wao aliniandikia usiku wa manane. Alikuwa na homa siku ya tatu. Bima alikuwa nayo, ila hakujua aende hospitali moja kwa moja au apige simu kwanza. Kipindi cha bima alikihudhuria, mstari wa pili kutoka mbele.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa kazi ya kutathmini mafunzo elekezi ya wanafunzi wa chuo kikuu wanaokwenda kusoma nchi nyingine, yawe ya siku mbili kabla ya safari, ya wiki nzima baada ya kufika, au kozi ya muhula mzima yenye mtihani. Msimamo wangu nautaja mapema: kipimo cha mafunzo haya kiko kule mwanafunzi alikokwenda, siku aliyokwama na hakuna wa kumwuliza. Hatua zote zifuatazo zinaelekea huko, na nyingi zinaanza kabla mafunzo yenyewe hayajafunguliwa.

Hatua ya 1: Jua ni uamuzi gani unaosubiri ripoti yako

Kabla ya kuandika swali hata moja, mfuate aliyekutuma umwulize: ukishaisoma ripoti, utaamua nini? Akijibu "tunataka tu kujua yalikwendaje", rudi tena kesho. Unatafuta uamuzi wenye sura. Siku tatu zibaki tatu au ziwe mbili? Kipindi cha viza kihamie kwenye intaneti? Wanafunzi waliorudi walipwe ili waje kufundisha? Mafunzo yafanyike kabla ya safari au baada ya kufika?

Kila swali la dodoso liwe na mzizi kwenye mojawapo ya maamuzi hayo. Swali ambalo hata lijibiwe vipi halitabadilisha kitu, lifute. Nimewahi kurithi dodoso la maswali 46, saba kati yake yakihusu chakula cha mchana.

Tenganisha pia tathmini ya kuboresha na tathmini ya kuhukumu. Ya kwanza inamsaidia mwezeshaji arekebishe kipindi. Ya pili inaamua kama mkataba wake utaendelea. Ukizichanganya kwenye karatasi moja, mwezeshaji mwenye akili atachagua mwenyewe wakati wa kuigawa, na atachagua dakika tano baada ya hadithi yake ya kuchekesha.

Hatua ya 2: Andika vitendo, na uviwekee tarehe

Chukua malengo ya mafunzo kama yalivyoandikwa. Takriban yote yatasomeka hivi: "kumjengea mwanafunzi uelewa wa maisha ya kitaaluma na kijamii katika nchi mwenyeji." Uelewa hauonekani kwa macho. Kaeni chini na waandaaji, mgeuze kila lengo liwe jambo ambalo mwanafunzi atalifanya, mahali fulani, kabla ya tarehe fulani. Kwa mfano:

- Amekamilisha usajili wa makazi ndani ya muda wa sheria. Ujerumani, anayehamia kwenye nyumba anatakiwa kujisajili ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili; nchi nyingine zina taratibu na muda wao.
- Anaweza kutoa kadi ya bima mfukoni na kueleza aanzie wapi akiugua usiku.
- Kufikia wiki ya nne ameshamwandikia au kumwendea mhadhiri mmoja nje ya kipindi.
- Akipewa aya ya mtu mwingine, anaweza kuinukuu, kuieleza kwa maneno yake na kutaja chanzo, na anaiona tofauti ya hayo na kunakili.
- Anamjua kwa jina mtu wa kumweleza akikosa usingizi kwa siku kadhaa mfululizo.

Vitendo vinane vinatosha. Vikizidi hapo, hutaweza kuvifuatilia. Ukivimaliza, chora mstari kutoka kila kitendo hadi kwenye kipindi kinachokifundisha. Utashangaa: kuna vitendo visivyo na kipindi, na kuna vipindi visivyo na kitendo. Hapo hujauliza mwanafunzi hata mmoja, na tayari una matokeo ya kwanza.

Hatua ya 3: Kagua kilichofundishwa chenyewe

Hatua hii inarukwa sana, na kwangu ndiyo yenye faida kubwa kwa kazi ndogo. Kaa nyuma ya ukumbi na saa. Andika dakika halisi. Ratiba inaweza kusema bima ina saa nzima, lakini hotuba za ufunguzi zikachelewa na mwezeshaji akabaki na dakika ishirini, kumi kati yake akihangaika na projekta. Usije ukalaumu kipindi ambacho kimsingi hakikufanyika.

Kisha hakiki ukweli wa yaliyosemwa. Chukua mfano wa saa ambazo mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi. Australia ilirejesha kikomo Julai 2023 kikiwa saa 48 kwa kila wiki mbili, badala ya 40 za awali. Ujerumani mwaka 2024 ilipandisha kutoka siku 120 kamili kwa mwaka hadi 140 kwa wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Kanada mwezi Novemba 2024 iliweka saa 24 kwa wiki kwa kazi za nje ya chuo, kutoka 20. Kijitabu kilichochapishwa 2022 na kugawiwa leo kina makosa matatu kwenye ukurasa mmoja, na mwanafunzi akivunja sharti la viza kwa kukiamini, hakuna dodoso litakalokuambia chanzo. Kwa kila taarifa ya kisheria kwenye mada, andika pembeni imetoka wapi na ilihakikiwa lini. Isiyo na tarehe ihesabu kuwa imepitwa na wakati.

Kuna somo moja ambalo linahitaji jicho kali zaidi: mshtuko wa utamaduni, yaani msukosuko wa kuzoea maisha ya ugenini. Karibu kila ukumbi huonyeshwa mchoro wenye umbo la herufi U. Unafika ukiwa na furaha, miezi michache baadaye unazama, halafu unapanda taratibu. Mchoro huo una historia. Sverre Lysgaard aliuandika mwaka 1955 kutokana na Wanorwe zaidi ya 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Kalervo Oberg akaeleza hatua za mshtuko kwenye makala ya 1960, ya kwanza akiifananisha na fungate. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn wakaongeza anguko la pili, la kurudi nyumbani, U ikawa W.

Ila Lysgaard hakumfuatilia mtu mmoja mwezi baada ya mwezi. Alilinganisha watu waliokaa vipindi tofauti. Colleen Ward na wenzake walipowafuatilia wanafunzi wa Kijapani huko New Zealand kuanzia saa 24 za kwanza, katika utafiti waliouchapisha 1998, walikuta matatizo yamejaa mwanzoni kabisa kisha yakapungua. Fungate haikuonekana. Sasa mfikirie mwanafunzi aliyeambiwa ukumbini kwamba mwezi wa kwanza ni wa raha, naye usiku wa nne analia bwenini. Ataona kasoro ni yake. Kwa hiyo ukikuta mchoro huo unafundishwa kama ratiba ya treni, uandike kwenye ripoti kama kosa la maudhui, hata kama wanafunzi wamekipa kipindi tano kwa tano. Kulijua hilo kutakusaidia wewe pia: ukipanga kuwapigia wanafunzi mwezi wa tatu tu, kwa imani kwamba ndipo wanapozama, wiki mbili za kwanza zitakupita.

Hatua ya 4: Pima kabla hawajasikia lolote

Watathmini wengi wanaujua mpangilio wa ngazi nne ambao Donald Kirkpatrick alianza kuuchapisha mwaka 1959: walionaje, wamejifunza nini, wanafanya nini, na imeleta nini. Fomu ya jioni ya mwisho inaishia ngazi ya kwanza. Ili kufika ya pili unahitaji kipimo cha kabla, na hicho hakirudishwi nyuma, ukikikosa umekikosa.

Usiulize "Je, unaelewa masuala ya bima ya afya?" Kila mtu anaelewa. Mpe tukio. Hili ni moja ninalolitumia:

"Ni Jumamosi saa nne usiku. Umefika wiki mbili zilizopita. Una homa ya nyuzi 39.5 na umetapika mara tatu. Andika mambo matatu utakayofanya, kwa mpangilio, na utampigia nani."

Usahihishaji wake una alama tatu. Moja kama ametaja mahali au namba sahihi ya msaada kwa nchi anayokwenda. Moja kama amekumbuka kadi au namba ya bima. Moja kama amemjulisha mtu yeyote aliye karibu naye kimwili, maana kumpigia mama aliye nchi nyingine kunafariji, lakini mama hawezi kufungua mlango. Majibu yasahihishwe na watu wawili bila kuonana, kisha walinganishe. Wakitofautiana mara nyingi, tatizo liko kwenye mwongozo wa kusahihisha. Urekebisheni kabla ya kuendelea.

Andaa matukio manne au matano ya aina hiyo, moja kwa kila kitendo kizito ulichoandika kwenye hatua ya pili. La kitaaluma liwemo. Mpe aya fupi na insha ya kubuni iliyoitumia vibaya, umwambie aonyeshe kosa liko wapi.

Pamoja na matukio unaweza kuweka maswali ya kujipima, lakini kuna mtego. Mwanafunzi kabla ya mafunzo anajipa 4 kati ya 5 kwenye "najua jinsi ya kuzungumza na wahadhiri wa kule". Baada ya mafunzo anajipa 3. Mafunzo yamemrudisha nyuma? Hapana, yamemfungua macho. Rula aliyojipimia asubuhi si aliyojipimia jioni. George Howard na wenzake waliliandika tatizo hili mwishoni mwa miaka ya 1970, na dawa waliyopendekeza ni rahisi: mwishoni uliza mara mbili, "sasa uko wapi?" na "ukitazama nyuma, siku ya kwanza ulikuwa wapi kwa kweli?" Dawa hiyo nayo ina uchungu wake, maana watu hupenda kuonyesha wamesonga mbele. Ndiyo sababu nayaamini matukio kuliko kujipima.

Ili kuunganisha karatasi ya kabla na ya baada bila kuandika majina, kila mwanafunzi atengeneze namba ya siri ambayo hataisahau: herufi mbili za mwanzo za jina la mama, tarehe aliyozaliwa bila mwezi wala mwaka, na herufi ya mwisho ya jina la shule yake ya msingi. Kumbuka tu kwamba kundi likiwa na watu kumi na wawili na mmoja wao peke yake ndiye anayekwenda Japani, siri hiyo haipo. Kwenye makundi madogo usiulize nchi na jinsia kwenye karatasi moja.

Hatua ya 5: Fomu ya siku ya mwisho, iwe fupi

Sisemi ifutwe. Inakuambia kama sauti ilisikika, kama kasi ilikuwa sawa, kama mtu alidhalilishwa. Ipe maswali matano, igawe kabla ya mapumziko ya mwisho na mbali na vyeti, na ikusanywe na mtu asiyefundisha.

Mizani ya ngazi tano tuliyoizoea, ile ya Rensis Likert ya mwaka 1932, hapa huvimba juu kwa sababu ya adabu. Wanafunzi wanawaheshimu waliowaandalia. Njia ya kuikwepa adabu ni kumlazimisha mtu achague: "Kama kipindi kimoja kingefutwa ili kingine kipewe muda zaidi, kipi kifutwe na kipi kiongezwe?" Swali hilo moja limenipa zaidi ya mizani kumi. Ongeza na hili: "Ni jambo gani bado unaliogopa?" Majibu yake yasome usiku huohuo, maana mengine bado una kesho ya kuyajibu.

Hatua ya 6: Wafuate walikokwenda

Hapa ndipo kazi ilipo. Panga miguso minne, na tarehe zake ziwe kwenye kalenda kabla ya safari.

*Wiki ya pili.* Ujumbe mfupi wa simu, maswali matatu ya ndiyo au bado: umejisajili, una namba ya simu ya huko, unajua zahanati au daktari wa kuanzia yuko wapi? Na nafasi ya sentensi moja. Yeyote anayejibu "bado" mara mbili apigiwe. Ndiyo, ukimsaidia unaharibu kipimo chako kidogo. Msaidie.

*Wiki ya sita.* Rudia matukio yaleyale ya hatua ya nne, neno kwa neno, pamoja na orodha ya vitendo vinane: amefanya, hajafanya, hakuhitaji. Jibu la tatu usilisahau. Mwanafunzi ambaye hakuugua hajafeli somo la bima.

*Mwisho wa muhula.* Uliza lipi kati ya mafunzo lilitumika, na lipi alilijifunza kwa kuumia ambalo lingeweza kufundishwa. Epuka wiki ya mitihani. Subiri matokeo yatoke.

*Miezi miwili baada ya kurudi.* Wale wa muda mfupi hasa. Maswali machache kuhusu kurudi kwenyewe, na kama masomo ya kule yamehesabiwa chuoni kwao kama walivyoahidiwa.

Wengi hawatajibu. Tuseme wameondoka 60, wakajibu 21. Hiyo ni asilimia 35, na swali gumu ni hao 39 wako katika hali gani. Wanaweza kuwa wamefurahi hata wamesahau, au wamezama hata hawafungui ujumbe. Usikisie. Chagua watano kati ya walionyamaza, kwa kura, uwapigie hadi uwapate, uwaulize maswali mawili tu. Wakifanana na waliojibu, pumua. Wasipofanana, sema hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Hatua ya 7: Zungumza na waliofaulu sana na waliokwama sana

Dodoso litakuambia kitu hakikufanyika. Sababu utaipata kwenye mazungumzo. Robert Brinkerhoff alitengeneza njia inayofaa sana kwa ofisi ndogo: badala ya kuhoji watu wa kati, tafuta wachache ambao mambo yaliwanyookea na wachache ambao yaliwakwama, kisha uchimbe kilichowatofautisha. Sita kwa sita wanatosha.

Usimwulize "mafunzo yalikusaidia?" Mwombe akusimulie siku moja. Haya ni mazungumzo ya aina ninayoyasikia mara kwa mara:

— Uliniambia muhula wa kwanza hukumwandikia mhadhiri yeyote. Kuna siku ulitaka kumwandikia?
— Ilikuwepo, Mwalimu. Nilitaka muda wa nyongeza wa insha.
— Ikawaje?
— Niliandika, nikafuta. Nikaandika tena. Sikujua nimwite nani. Daktari, Profesa, au jina lake. Wenzangu wanamwita kwa jina lake la kwanza. Mimi mdomo haukufunguka.
— Kwenye mafunzo tulisema nini kuhusu hilo?
— Mlisema "wahadhiri wa kule wako wazi, waandikieni tu."

Kipindi kilifundishwa, kilipendwa, hata mwanafunzi alikikumbuka neno kwa neno. Kilichokosekana ni barua pepe moja ya mfano, yenye salamu yake na namna ya kumaliza, na dakika kumi za kila mtu kuandika ya kwake. Hakuna mizani ya ngazi tano ingekuonyesha hilo.

Anayehoji asiwe aliyefundisha. Kama mko wawili tu ofisini, badilishaneni. Na kabla ya kurekodi sauti omba ruhusa, eleza nani atasikiliza na lini itafutwa.

Hatua ya 8: Tafuta wa kulinganisha nao

Mwanafunzi wa wiki ya sita anajua mengi kuliko siku aliyoondoka, na mengi kayajua kwa sababu ameishi kule wiki sita. Usiyape mafunzo sifa ya maisha. Njia pekee ya kutenganisha ni kulinganisha, na kuna namna za kufanya hivyo bila kumnyima mtu haki yake.

Walinganishe waliohudhuria na waliochelewa kwa sababu isiyowahusu, kwa mfano waliocheleweshewa viza. Usiwalinganishe na waliokataa kuja: anayejitokeza kwa hiari mara nyingi tayari ni mwenye kujituma, na angefanya vizuri hata bila ninyi. Au gawa kundi mara mbili kwa kura: nusu ya kwanza ipate zoezi la barua pepe ukumbini, nusu ya pili ilipate kwenye intaneti mara tu baada ya kipimo cha wiki ya sita. Au linganisha kundi la mwaka huu na la mwaka jana kwenye tukio lilelile, ukiandika kilichobadilika nje ya mafunzo.

Taarifa za usalama, afya na sheria haziingii kwenye mchezo huu. Zipewe wote, siku ileile.

Hatua ya 9: Fungua daftari lililopo tayari

Ofisi yenu ina ushahidi bila kujua: barua pepe za dharura, waliochelewa kujisajili, waliorudi kabla ya muda, waliobadilisha kozi, walioitwa kwa tuhuma za udanganyifu wa kitaaluma. Hesabu miaka mitatu nyuma kama mnayo kumbukumbu, upate picha ya kawaida ikoje kabla ya kusema mwaka huu umekuwa bora.

Tahadhari moja. Baada ya mafunzo mazuri, idadi ya wanaokwenda kumwona mshauri nasaha inaweza kupanda. Anayeisoma namba hiyo bila maelezo atasema mafunzo yamewavuruga wanafunzi. Huenda ndiyo kwanza wamejua mlango uko wapi. Angalia walikwenda lini: wakianza kwenda wiki ya tatu badala ya mwezi wa tano, somo limeingia.

Hatua ya 10: Hesabu kwa unyenyekevu

Ukiwa na watu wanane, mtu mmoja ni asilimia 12.5. Usiandike "ongezeko la asilimia 12". Andika "mmoja zaidi". Chini ya watu thelathini mimi huandika idadi kamili tu, asilimia naziacha.

Usijumlishe matukio yote kuwa wastani mmoja. Yaweke kila moja peke yake, kwa nyakati tatu. Tuseme kundi ni la watu 40 na wote wamejibu. Tukio la homa: waliopata alama zote kabla ya mafunzo 9, siku ya mwisho 31, wiki ya sita 17. Tukio la insha: 12, 20, 29. Wastani wa jumla ungesema "wameongezeka" na kukuacha hapo. Zikiwa kando kando, namba zinasimulia habari mbili. Bima ilifundishwa vizuri na ikasahaulika kwa sababu haikutumika, kwa hiyo dawa si kuongeza saa ukumbini. Ni kuwatumia kadi ya picha kwenye simu wiki ya pili. Insha ilifundishwa kidogo, lakini vyuo mwenyeji vikaendeleza, kwa hiyo pengine hapo ndipo pa kuokoa saa.

Waliotoa 5 kwenye fomu ya siku ya mwisho, linganisha na alama zao za wiki ya sita. Mara nyingi hutaona uhusiano wowote, na jedwali hilo dogo ndilo litakalomshawishi mkuu wako kuacha kuuliza wastani wa kuridhika.

Kama uko peke yako na bajeti hakuna, punguza hivi: hakiki taarifa za kisheria, weka matukio mawili kabla na wiki ya sita, piga simu kwa watu sita. Kazi hiyo inamalizika ndani ya siku tano ukizipanga vizuri, na inazidi dodoso la maswali 46 kwa mbali.

Hatua ya 11: Ripoti ya kurasa mbili

Ukurasa wa kwanza uwe na maamuzi yale ya hatua ya kwanza, na chini ya kila moja ushahidi wake kwa sentensi mbili au tatu, pamoja na udhaifu wa ushahidi huo. Ukurasa wa pili uwe jedwali: nini kibadilike, nani atafanya, kabla ya tarehe gani, na mwakani tutajuaje kama kimefanya kazi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayoachwa wazi, usikubali iachwe. Grafu na majibu yote yaende kiambatisho.

Iwasilishe mapema, wakati ratiba ya mwakani bado ni rasimu. Ripoti inayofika wawezeshaji wakiwa wameshaalikwa itapongezwa na kuwekwa kabatini. Wanafunzi waliojibu nao wapelekee aya moja ya kilichobadilika kwa sababu yao; wadogo zao watawauliza mambo ambayo wewe hukuyafikiria, na wadogo hao watajibu ujumbe wako wa wiki ya sita kwa urahisi zaidi.

Mwezeshaji aone matokeo ya kipindi chake peke yake kwanza, siku mbili kabla hayajafika kwa mkuu, na apewe nafasi ya kuandika maelezo yatakayoambatana nayo. Yule wa bima aliyebaki na dakika ishirini ataandika kwamba saa yake ililiwa na hotuba. Na wewe utakuwa na dakika ulizoziandika ukiwa umekaa nyuma ya ukumbi.